Neno Lililochelewa Njiani

3 Novemba

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kuhesabu kupona kuanzia kwenye mfupa. Mfupa ukishaunga, wao wamemaliza hesabu. Leo daktari amemwondolea Milojka kile kitambaa kilichokuwa kimeuning'iniza mkono wake, akaiinua picha ya mtulinga kwenye mwanga, akasema, "Mama, umepona. Majira ya machipuko utakuwa juu ya baiskeli." Milojka akashukuru, akavaa koti. Tulipokuwa tunatoka alitaka kupitia chooni. Juu ya mlango wa choo kuna taa ya kijani imeandikwa WAZI. Alisimama mbele yake kama aliyesimamishwa na askari, kisha akageuka. Alijizuia mpaka tulipofika nyumbani.

Nitaeleza kwa utaratibu. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote na sijui kueleza kwa njia nyingine.

Mke wangu alikuwa mpeleka barua. Barua za upande huu wa bonde la Vipava alizipeleka kwa baiskeli, kwenye jua na kwenye upepo, na alipostaafu aliendelea kuendesha kwa raha yake, kila Jumamosi, pamoja na rafiki zake. Yeye mbele, Zorka nyuma yake, Slavica wa mkahawa mwisho. Sisi hapa tuna desturi: aliye mbele akifika njia panda na kuona hakuna gari, hupaza sauti, "Wazi!" Wa pili hulipokea neno na kulirusha nyuma, "Wazi!", na wa tatu vilevile, na wote hupita bila kugusa breki. Vijana wa mashindano hufanya hivyo, wazee wa kwenda kunywa kahawa hufanya hivyo. Anayefunga breki baada ya kusikia neno huchekwa.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, njia panda ya kikanisa cha Mtakatifu Roko, Milojka alisema "Wazi". Yeye akapita. Gari dogo la mizigo likatokea kwenye kona ya mizabibu, na Zorka hakupita. Milojka alisikia kishindo, akageuza kichwa, akaanguka. Ndipo alipovunjika mtulinga. Zorka alifia palepale.

Dereva ana kesi yake na ana mahakama yake, humu sitamwandika.

Shuleni nilikuwa na chombo cha kupimia mvua, na niliwafundisha watoto kwamba hata siku kavu lazima iandikwe. Sifuri nayo ni kipimo. Nitaandika hivyohivyo kuhusu mke wangu, mpaka arudi kwenye baiskeli.

4 Novemba

Sifuri. Mawingu. Hakutoka nje.

7 Novemba

Slavica amekuja na mkate mtamu wa tufaha, akaingia bila kubisha kama kawaida yake.

"Nitazame, shoga yangu. Nitazame machoni. Si kosa lako. Rudia: si kosa langu."

"Kahawa yako inapoa, Slavica."

"Achana na kahawa. Mwalimu, hebu mwambie mkeo."

"Si kosa lako, Milojka," nikasema.

"Unaona? Hata mwalimu amesema, na mwalimu hajawahi kukubaliana nami tangu nizaliwe."

Milojka akatabasamu kwa adabu. Alipoondoka Slavica, mke wangu aliosha vikombe vyote, hata ambavyo havikutumika.

11 Novemba

Siku ya Mtakatifu Martino. Divai mpya imebarikiwa na kijiji kizima kilikuwa barabarani. Nilimbembeleza Milojka tutoke. Mbele ya kanisa tulimwona Klavdij, mume wa Zorka, anakuja upande wetu. Klavdij ni mkulima wa mizabibu, mtu wa maneno machache hata kwenye harusi yake. Alituona. Akavuka barabara, akapita upande wa pili, akiitazama mikono yake.

"Umeona," akasema Milojka.

"Hakutuona," nikasema.

Huo ulikuwa uongo, na nimeuandika hapa kwa sababu tarakimu ya uongo huharibu safu nzima. Alituona. Ninaamini amemkasirikia mke wangu na hasira yake imeganda. Mazishini alitupa mkono bila kutazama, na tangu siku ile hajakanyaga kwetu, ingawa nyumba yake inaonekana kutoka dirishani petu.

19 Novemba

Burja imeanza. Ni upepo wetu wa kaskazini mashariki: hewa baridi hujaa nyuma ya uwanda wa juu mpaka ikakosa mahali pa kukaa, kisha huporomoka bondeni kama gunia la mawe. Malori yamezuiwa barabara kuu. Milojka alikuwa akiendesha baiskeli ya posta kwenye upepo huu. Leo ameketi jikoni ananisikiliza ninavyoeleza, naye anaufahamu upepo kwa magoti yake.

20 Novemba

Burja.

21 Novemba

Burja. Sifuri.

22 Novemba

Burja imekoma. Matunda ya kaki, yale matamu yanayoiva majira ya baridi, yamebaki juu ya miti isiyo na majani, mekundu, hakuna anayeyachuma. Ya Zorka ndiyo mengi zaidi. Kila mwaka yeye na Milojka waliyachuma pamoja na kuyatandaza darini.

27 Novemba

Amekwenda mjini kwa mwanasaikolojia, mara ya pili, nami nimemsindikiza. Ni binti mwenye sauti ya chini, na Milojka amempenda. Amemfundisha kuvuta pumzi polepole na kutaja vitu anavyoviona chumbani. Basini, wakati wa kurudi, mwanamume mmoja aliinama akamwuliza kwa heshima, "Mama, hapa ni wazi?" akimaanisha kiti. Mwanamume akauliza tena. Nikajibu mimi, "Keti, bwana, keti tu." Milojka alikuwa anataja vitu kwa mnong'ono: dirisha, glovu, kengele, glovu.

Nimeanza kulihesabu neno hilo na nimeacha kuhesabu. Liko mlangoni kwa mwokaji, liko kwenye maegesho, liko kwa kinyozi. Hakuna anayemkusudia.

6 Desemba

Nimepata jambo la kufanya. Nimekwenda peke yangu njia panda ya Mtakatifu Roko na kamba ya kupimia. Kuna mishumaa ya kumkumbuka Zorka pale, ndani ya vioo, imepangwa vizuri, vioo vimefutwa. Nikapima kona, ukuta wa mizabibu, mwendo wa baiskeli, mwendo wa gari kama ulivyosemwa na polisi. Nitachora. Milojka ataona kwa macho yake kwamba alipotamka neno lile, barabara ilikuwa tupu kweli. Mtu hawezi kujilaumu mbele ya mchoro sahihi.

9 Desemba

Mchoro umekamilika. Nimetumia kalamu za rangi.

10 Desemba

Jana usiku nilimwekea mezani baada ya supu ya kabichi chachu na maharage. Nikaeleza polepole: hapa ulikuwa wewe, gari lilikuwa bado huku nyuma, ukuta unaficha hivi. Neno lako lilikuwa kweli. Lilikuwa kweli kabisa wakati ulipolitamka.

Alisikiliza hadi mwisho, kwa uangalifu, kama mwanafunzi mzuri. Kisha akaweka kidole kwenye alama nyekundu niliyoiandika Z.

"Na hapa?"

"Hapo ni baadaye kidogo."

"Neno langu lilipofika hapa, lilikuwa kweli?"

Nikaitazama alama ile nyekundu.

"Egon, umefanya kazi nzuri sana. Umenithibitishia kwamba lilikuwa kweli kwangu mimi tu."

Akanyanyuka, akaosha sahani. Asubuhi niliukuta mchoro umekunjwa vizuri pembeni, chini ya sanduku la mkate. Nimeutia jikoni kwenye moto mwenyewe.

11 Desemba

Chini ya sifuri, kama kipimo kama hicho kingekuwepo.

24 Desemba

Milojka ameoka mikate ya karanga, miwili kama kila mwaka. Mmoja huwa wa Zorka. Nikasema, "Nitaupeleka kwa Klavdij." Akasema, "Uache." Mkate umekaa dirishani.

26 Desemba

Tumeula sisi.

13 Januari

Ameshuka ghalani leo. Nilimfuata kwa kisingizio cha viazi. Baiskeli yake imening'inia ukutani ilivyorudishwa na polisi, na magurudumu hayana upepo. Aligusa usukani. Akauliza kwa nini mnyororo haujapata kutu.

"Nimeutia mafuta," nikasema.

"Nani alikwambia?"

"Hakuna."

"Basi usifanye tena."

14 Januari

Sifuri.

20 Januari

Watu wanapogolea mizabibu. Kutoka dirishani Milojka anamtazama Klavdij mteremkoni, peke yake na mkasi. Zamani Zorka alimfuata nyuma akikusanya matawi na kumkemea kwamba anakata fupi mno. Sasa anakata, kisha anarudi mwenyewe kuokota alichokata.

"Nenda kamsalimie," nikasema.

"Nimwambie nini? Wote mmekwisha kunisemea."

Sikumwelewa. Nimeliandika neno hilo ili nilirudie.

1 Februari

Burja, kali kuliko zote za msimu. Sauti yake darini kama watu wanaohamisha kabati.

2 Februari

Vigae vimeng'oka upande wa kaskazini wa paa letu. Hapa kwetu kila mtu hupanga mawe juu ya vigae ili upepo usivichukue, na mawe yetu niliyaacha bila kukagua msimu huu. Mambo mengi nimeyaacha. Mvua ikija kabla sijapata fundi, dari litaoza.

4 Februari

Nitaandika yote, hata yanayonikera.

Asubuhi, upepo ulipopungua, tulisikia mtu anatembea juu ya vichwa vyetu. Nikatoka nje na viatu vya nyumbani. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na juu ya paa, amepiga magoti na jiwe mikononi, alikuwa Klavdij.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "haya mawe umeyapanga wewe?"

"Ni mimi."

"Inaonekana. Nipe kigae."

Nikampa kigae. Nikampa vingine. Hatukusema jambo lolote zaidi ya "hiki", "hapana, hicho", "shika". Alipomaliza alishuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akatazama mlango wa jikoni. Milojka alikuwa amesimama pale na birika la kahawa.

"Ingia, Klavdij," akasema.

Akaingia. Akaketi kwenye kiti cha pembeni, kile Zorka alichokuwa akikalia, kisha akagundua, akahama. Milojka akammiminia kahawa. Hakuna aliyesema kitu, na mimi kimya huniwasha. Nikakohoa, nikaanza.

"Klavdij, tumefurahi umekuja. Kama sote tunavyojua, jambo lile halikuwa kosa la—"

"Mwalimu. Nyamaza kidogo."

Katika nyumba yangu hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikanyamaza.

Klavdij akakizungusha kikombe. "Padri alisema mazishini kwamba aliondoka ameliangalia kanisa. Mimi nikajiuliza: Zorka? Zorka kanisa aliliangalia Pasaka tu, tena kuona nani amevaa nini." Akakizungusha tena. "Polisi wana karatasi. Daktari ana karatasi. Kila mtu ananishika bega, ananiambia hakuumia, hakujua kitu. Nimeambiwa hakujua kitu mpaka nimechoka. Wewe ulikuwa naye. Slavica alikuwa mbali nyuma, hakusikia. Milojka, alisema nini?"

Milojka aliweka birika chini.

"Nani?"

"Mke wangu. Wewe ulipaza neno. Naye lazima alijibu, ndiyo desturi yenu. Alisema nini?"

Niliona uso wa mke wangu ukifanya kitu ambacho sijakiona tangu Oktoba. Ulirudi. Sijui kuandika zaidi ya hapo. Ulikuwa mbali, ukarudi, na uliporudi ulikuwa umejaa hofu.

"Ni aibu, Klavdij."

"Sema."

"Mtu hawezi kuondoka duniani na neno kama hilo."

"Milojka. Miezi minne nakaa na maneno ya padri."

Basi akasema. Alianza mbali, na alisema yote kwa mfuatano, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia mimi, na sasa najua sababu: sikuwahi kumwuliza. Alisema jua lilikuwa limetoka na Zorka alibaki nyuma kidogo kwa sababu alikuwa anafungua zipu ya koti kwa mkono mmoja. Alisema, "Nilifika njia panda. Nilitazama kushoto. Nilitazama kulia, na kulia jua lilinipiga machoni. Nilitazama mara moja tu. Nikapaza, wazi. Na Zorka akajibu kutoka nyuma..." Akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, kisha akakishusha. "Akajibu, 'Wazi kama mdomo wa Klavdij akilala!'"

Kikombe cha Klavdij kikaacha kuzunguka.

"Kisha akacheka," akasema Milojka. "Nami nikacheka. Nilikuwa bado nacheka niliposikia."

Klavdij aliinamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikanyoosha mkono. Lakini alikuwa anacheka, kicheko kikavu, cha mtu asiyekitumia mara kwa mara. "Mdomo wangu," akasema. "Hata mbele ya kanisa. Alinipigia kelele kuhusu huu mdomo miaka yote. Alikuwa ananitia kipande cha mkate ndani, unajua hilo? Naamka na mkate mdomoni." Akacheka tena, na ndani ya kicheko hichohicho ndipo kilio kilipotoka, bila mpaka kati yao, na kilikuwa kirefu. Milojka alikikumbatia kichwa cha Klavdij kwenye aproni yake. Mimi nilitazama nje, kwenye miti ya kaki.

Alipotulia, Milojka akasema, "Nilitazama mara moja tu, Klavdij."

Nilifungua mdomo. Namshukuru Mungu niliufunga.

Klavdij akasema, "Ndiyo. Nimesikia." Akafuta pua. "Nilikukasirikia. Mpaka juzi juzi nilikukasirikia sana. Siku ile ya Martino niliwaona, nikavuka barabara nisije nikakutukana mbele ya watu. Nilisema moyoni, yule hakuangalia vizuri, wangu yuko chini."

"Ndiyo," akasema Milojka.

"Kisha nikiwa shambani nikajaribu kukumbuka, mimi na trekta langu pale Roko, huwa naangalia mara ngapi." Akanyanyuka, akachukua kofia yake. "Mara moja, Milojka. Siku nyingine hata hiyo sijui. Sijui nikuambie nini. Hasira haijaisha yote, ila nimechoka kuibeba peke yangu huko juu."

"Ahsante," akasema mke wangu. "Ahsante kwa kuniambia."

Mlangoni akanigeukia. "Na wewe mwalimu, mawe makubwa yanakaa pembeni. Si katikati. Hata mtoto anajua."

5 Februari

Milojka amelala mpaka jua likaingia chumbani. Nimekaa jikoni na neno lake la tarehe 20 Januari. "Wote mmekwisha kunisemea." Kila tulipomwambia si kosa lako tulikuwa tunafunga mlango, tena kwa upole, na yeye amebaki ndani na sauti ya Zorka anayecheka. Hakuna aliyetaka kuisikia. Ilibidi aje mtu mwenye hasira.

Nilimdhania Klavdij jiwe. Nimesahihisha.

6 Februari

Amelia siku nzima. Siiti sifuri.

17 Februari

Kanivali. Slavica amekuja na maandazi, amevaa masharubu ya karatasi. "Shoga yangu, si ko—" Milojka akamshika mkono. "Slavica, keti. Nataka nikueleze ilivyokuwa." Slavica akaketi na masharubu yake. Alipotoka alikuwa ameyashika mkononi, yamelowa.

28 Februari

Amejaza upepo kwenye magurudumu. Akaitoa baiskeli mpaka langoni, akasimama nayo kama mtu aliyeshika ng'ombe, akairudisha.

8 Machi

Siku ya Wanawake, ndiyo siku Slavica na akina mama wengine wa kijiji hufungua mwaka wa baiskeli. Walipita kwetu na matawi ya mimosa yenye maua ya njano kwenye vikapu. Milojka hakutoka nao. Aliwapa kahawa langoni, akapokea tawi lake, na tawi la Zorka pia, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuliweka.

Walipoondoka, Slavica alikuwa mbele. Kwenye kona ya nyumba yetu akafungua mdomo, "Wa—" akakata. Baiskeli zote zikayumba nyuma yake.

"Sasa tuseme nini?" akapiga kelele kutoka kule. "Milojka! Tuseme nini?"

"Msiseme kitu," mke wangu akajibu. "Simameni. Mguu chini. Kila mtu atazame mwenyewe."

"Tutafika kahawani usiku!"

"Mfike."

Wakasimama, kila mmoja akaweka mguu chini, kila mmoja akatazama kushoto na kulia, polepole, kama watoto wanaofundishwa. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akawacheka. Hawakujali, au walijali na wakatazama hivyohivyo.

9 Machi

Mvua. Ameendesha uani, kuzunguka kisima. Mara tatu akashuka.

16 Machi

Lozi zimechanua. Ameendesha hadi kwa mwokaji. Amerudi uso mweupe kama unga na mkate umebonyea chini ya kwapa. Akalala na viatu.

17 Machi

Sifuri. Nimeiandika bila kuogopa. Sifuri nayo ni kipimo.

29 Machi

Leo tumekwenda Mtakatifu Roko. Yeye ndiye aliyetaka. Klavdij alikuwa langoni asubuhi na baiskeli ya Zorka, kiti amekiinua hadi mwisho na bado magoti yake yanagonga usukani. Mimi nilifuata nyuma na baiskeli yangu nzito. Sijawahi kuwa mwendeshaji.

Milojka alikuwa mbele. Kabla ya kona ya mizabibu nilisikia pumzi yake, na alikuwa anataja vitu: ukuta, nguzo, lozi, ukuta. Akafunga breki. Akaweka mguu chini. Mishumaa ilikuwa pale upande wa kulia, na sasa najua ni Klavdij anayeifuta.

Akatazama kushoto. Kulia. Kushoto tena, kulia tena. Gari likapita, na nikaona mgongo wake wote ukiruka ndani ya koti. Alisubiri. Hakusema neno. Akavuka, akasimama upande wa pili, akatugeukia. Hakutuita kwa mkono wala kwa kichwa. Alitutazama tu, na kwenye kutazama kule nilielewa kwamba hatamwambia mtu tena kwamba njia iko salama, maisha yake yote, na kwamba hilo limepotea pamoja na Zorka na halitarudi.

Klavdij akaweka mguu wake chini. Akatazama kama alivyoambiwa. Kisha akafungua mdomo, mpana kama wa mtu aliyelala, akaufunga, akavuka.

Nikavuka mimi.

Upande wa pili Milojka alikuwa anatetemeka kiasi cha kushindwa kupanda tena. Tulirudi kwa miguu sote watatu, tukizisukuma baiskeli, njia yote, na hakuna aliyesema kwamba ni ushindi. Kwenye kisima akaniambia, "Jumamosi nitajaribu tena." Kisha, akiiegemeza baiskeli: "Au sitajaribu."

Nilianza daftari hili nikidhani nitampima yeye. Sina vipimo vya kumfundisha mtu. Lakini nikiwa bado mwalimu, na kama kuna atakayelisoma hili naye ana mtu wake aliyetoka ajalini, ambaye kila mtu amekwisha kumwambia si kosa lako, nina kazi moja tu ya kumpa, ya kufanya leo na si kesho.

Mwulize ilikuwaje, kisha nyamaza mpaka amalize.